Mgeni Katika Kitabu cha Mwalimu

Mwalimu alifia kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kinyozi mwenyewe ndiye aliyekuja kutoa habari, mkononi bado ameshika kile kitambaa cheupe cha kufungwa shingoni. Mke wa Mwalimu alipofungua mlango alikitazama kitambaa kwanza, kisha mtu. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Saa ngapi?"

"Kama saa nne na robo hivi, mama."

"Kama, au saa nne na robo?"

Kinyozi akaanza kulia yeye.

Habari hiyo ilizunguka mtaa mzima kabla hata kaburi halijachimbwa, na haikumsaidia mjane. Wakasema ana jiwe kifuani. Wakasema mtu gani huyu anafiwa na mume halafu anauliza saa. Waliomjua vizuri hawakushangaa. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya kuhifadhi nyaraka, kwenye chumba cha chini ambako magazeti ya zamani yamejaladiwa na kupangwa ukutani mpaka darini, na kazi hiyo humfundisha mtu kutoamini neno "kama". Jina lililomganda lilikuwa Karani. Hata mumewe alimwita Karani, chumbani na mbele za watu.

Mwalimu naye alikuwa akifundisha historia, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu Kwa Nini. Vita na mikataba aliwaachia wenye vitabu vinene. Yeye alitaka kujua kwa nini mlango mkubwa wa mahakama unatazama jalala na si barabara. Kwa nini kengele ya soko hupigwa mara tano na si sita. Nani alipanda miti ya barabara ya hospitali, na kwa nini aliiruka nyumba moja. Watoto hawakujaliwa, lakini vitabu walivitoa vinne, vyote vya maswali na majibu juu ya mambo madogo ya mji wao ambayo hakuna aliyejisumbua kuyaandika. Mwalimu aliuliza, Karani akatafuta. Na sheria yao ilikuwa moja: jibu haliingii kitabuni bila mashahidi wawili, na hao wawili wawe hawakuambiana.

Ila kila kitabu kilikuwa na swali moja la uongo, nalo waliliita mgeni.

Hii ni desturi ya watu wa maswali, na ina sababu. Vitabu vya namna hiyo huibwa kirahisi sana. Tapeli ananunua kimoja, anakipiga chapa upya na jina lake juu, na ukimshtaki anakwambia historia haina mwenyewe. Kwa hiyo unatunga swali moja na jibu lake, unalificha katikati ya mengine, na ukilikuta kwenye kitabu cha mtu basi umemshika mkono ndani ya mfuko wako. Toleo jipya likija, unamtoa mgeni. Wageni watatu wa kwanza waliwatunga pamoja mezani, wakicheka hadi chai inapoa. Wa kwanza alikuwa mwasha taa wa barabarani aliyeacha taa moja ikiwaka mpaka asubuhi kwa ajili ya mkunga. Wa pili alikuwa tarishi aliyewasomea vipofu barua zao. Huyo alikutwa kwenye kitabu cha tapeli mmoja, ukurasa wa kumi na tisa, amekaa raha mustarehe. Wa tatu alikuwa mpishi wa gereza aliyemtilia sukari kwenye uji kila mfungwa aliyekaribia kutoka.

Kitabu cha nne Mwalimu alikimaliza peke yake, kwa sababu mwaka ule Karani alikuwa mji mwingine akimwuguza mama yake. Aliporudi, mumewe alimwekea kitabu mapajani.

"Mgeni yumo," akasema. "Mtafute."

Karani akasema atamtafuta akipata nafasi. Nafasi haikupatikana, halafu ikaja ile siku ya kinyozi.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, mchapishaji alikuja. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno ya haraka na moyo mzuri, na alikuja na habari ambayo wakati mwingine ingekuwa ya kupigia vigelegele. Idara ya elimu ilikuwa imekichagua kitabu cha nne kisomwe mashuleni. Kuanzia mwaka ujao watoto wangekifanyia mtihani.

"Kwa hiyo mama, nitajie tu mgeni ni swali lipi, nimtoe, tupige chapa."

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Hakuniambia."

Mchapishaji akashika tama. Akaeleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba toleo la shule haliwezi kuwa na uongo ndani. Watoto elfu ishirini wataukariri. Siku moja mtu mmoja mwenye kiherehere ataugundua, na jina la Mwalimu, ambalo watu walilikubali kwa sababu hakuwahi kukosea, litaburutwa. Na kama mgeni hatapatikana, idara itachukua kitabu cha mtu mwingine, na hiki cha Mwalimu, cha mwisho, hakitachapwa tena. Akampa wiki sita. Ijumaa ya wiki ya sita saa kumi na moja jioni, akasema, si zaidi.

"Sawa," akasema Karani.

Alikubali hivyohivyo, bila uzito. Tangu siku ya kinyozi alikuwa amekufa ganzi. Hakuhisi chochote. Wiki ya kwanza jambo hilo lilimtisha kidogo, kisha hata hofu yenyewe ikaisha. Alikula kwa sababu chakula kiliwekwa mbele yake. Siku moja aliunguza ulimi kwa chai na akagundua saa moja baadaye, alipojiuliza kwa nini mdomo una ladha ya ngozi. Watu walipomwambia pole, alizisikia pole zao kama redio ya jirani. Lakini kutafuta alijua, na mikono yake ilitaka pa kushika.

Chakula kiliwekwa mbele yake na wifi yake, dada mkubwa wa Mwalimu. Wifi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Alikuja mazishini na mkoba mmoja, wiki ya pili akaagiza cherehani yake iletwe, na hakuna aliyeuliza anaondoka lini. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na machozi ya karibu. Alimlilia kaka yake asubuhi akiwasha jiko, akamlilia mchana akitia uzi kwenye sindano, na alipoona mjane halii, akalia na zamu ya mjane.

"Wifi, lia basi hata kidogo," alimwambia. "Si kwa ajili yao wanaosema. Kwa ajili yako. Utapasuka."

"Yakija nitalia."

"Unayaita lakini? Au umekaa tu na makadi yako?"

Makadi yalikuwa mia mbili na arobaini, kadi moja kwa kila swali, yamejaa meza nzima ya kulia. Kila kadi Karani aliigawa mara mbili kwa mstari wa kalamu: shahidi wa kwanza huku, shahidi wa pili kule. Asubuhi alikwenda ofisini kwake kwa zamani, ambako msichana aliyekirithi kiti chake alimletea majalada bila kumwuliza fomu. Mchana alirudi, akatia alama ya vema kwa kalamu nyekundu, akala, akalala kidogo, akaendelea. Maswali mengi yalikuwa mepesi, maana mashahidi aliwatafuta yeye mwenyewe miaka iliyopita. Mengine aliyajua kwa kichwa, akayapitisha bila hata kunyanyuka kitini.

Mwisho wa wiki ya tano yalibaki mawili.

La kwanza lilihusu saa ya stesheni, kwamba iliwahi kuchelewa dakika kumi na moja kwa miaka tisa mfululizo. Jibu la Mwalimu lilisema mkuu wa stesheni aliichelewesha makusudi, kwa sababu treni ya asubuhi ilikuwa ikiwaacha wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na yeye alichoka kubishana na makao makuu. Karani alilitilia shaka sana. Lakini Jumatatu aliikuta barua ya mkuu huyo kwenye faili la mafundi saa, akikiri kila kitu kwa mwandiko mzuri, na Jumanne akakuta lalamiko la meneja wa kiwanda baada ya saa kurekebishwa. Vema nyekundu.

La pili lilimhusu dobi wa kike wa hospitali. Katika mwaka wa homa kubwa, lilisema, wagonjwa walikufa wengi kuliko karatasi za kuwaandika, na dobi huyo akawa anashona jina la kila mgonjwa kwenye pindo la blanketi lake, ili akifa ajulikane ni nani. Karani alipolisoma tena alisema moyoni, huyu hapa. Alimjua mumewe. Mwalimu hakuweza kutunga uongo bila kumtia mtu mwema ndani yake, na kweli za mji ule kwa kawaida zilikuwa na roho ya korosho. Alichukua simu ampigie mchapishaji. Kisha akairudisha. Kukosa shahidi si ushahidi kwamba jambo ni la uongo, na hilo ndilo alilowafundisha makarani wote waliopita chini yake.

Jumatano akaenda hospitali, kwenye chumba cha kufulia.

Mvuke ulikuwa umetanda mpaka taa zilionekana kwa mbali. Dobi mkuu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye mikono iliyochakaa kwa sabuni, na alipoulizwa hakushangaa hata kidogo. Akavuta shuka moja kutoka kwenye rundo, akageuza pindo.

"Wodi ya kwanza, uzi wa buluu. Ya pili, mwekundu. Mgonjwa asiye na ndugu, tunamshonea herufi zake. Hatuandiki kwa kalamu, kalamu inafutika."

"Nani aliwafundisha?"

"Aliyenitangulia."

"Na yeye?"

"Aliyemtangulia yeye. Sisi hatuulizi, mama, tunafua."

Lakini nyuma ya kabati kulikuwa na blanketi kuukuu ambalo hakuna aliyethubutu kulitupa. Dobi akalileta limekunjwa juu ya mikono miwili. Kwenye pindo kulikuwa na jina zima la mwanamume, limeshonwa kwa uzi mweusi, mishono mikubwa mikubwa kama ya mtu anayeharakishwa. Karani alilinakili. Akapanda hadi ofisi ya juu, akaomba daftari la vifo la mwaka wa homa, na jina lile lilikuwamo. Mashahidi wawili. Alisimama pale kwenye ngazi akingoja ahisi kitu, maana alijua kwamba hapa mtu wa kawaida angehisi kitu. Hakikuja. Akaenda zake nyumbani.

Kwa hiyo makadi yote mia mbili na arobaini yalikuwa na vema, na mgeni bado yumo ndani. Siku mbili zimebaki.

Karani aliketi mbele ya meza hadi chai ikaota utando. Mtu mwingine angeanza upya kuyasoma maswali. Yeye alifanya kinyume. Hakuyatazama maswali kabisa, aliwatazama mashahidi. Akapitisha kidole kwenye kila kadi, gazeti hili, daftari lile, barua ile, mpaka akafika kadi ya themanini na nane. Shahidi wa kwanza: Mwalimu. Shahidi wa pili, kwa mwandiko wake Karani mwenyewe: Nilikuwepo.

Swali lenyewe lilisema: siku daraja la mto lilipofunguliwa, kwa nini bendi ilipiga muziki ikiwa imekaa? Jibu: kwa sababu mpiga tarumbeta alikuwa amevunjika mguu, umefungwa plasta, hawezi kusimama, na wenzake wakakataa kusimama yeye amekaa.

Alikuwa amelipitisha kwa sekunde moja, wiki ya kwanza. Angelipitishaje vingine? Siku ya daraja ndiyo siku Mwalimu alimwona mara ya kwanza. Karani alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, ameanza kazi juzi, na pale darajani alimkamata afisa mwenye suti akambishia kwamba tarehe kwenye kibao si yenyewe, kwa kuwa sherehe iliahirishwa na kibao hakikubadilishwa. Mwalimu aliisimulia habari hiyo harusini, akaisimulia kila mwaka, akaisimulia kwa wageni waliokuja kukopa sukari. Kwamba yeye alikuwa amesimama karibu na bendi, bendi imekaa, mpiga tarumbeta amenyoosha mguu wake wa plasta, na muziki ulipokatika akasikia sauti ya msichana inasema, "Hiyo tarehe si kweli." Karani aliiona plasta ile hata sasa. Nyeupe, na vumbi kidogo kwenye kisigino.

Akajaribu kukumbuka alisimama wapi siku ile. Kwenye kibao, mwisho kabisa, nyuma ya umati. Bendi aliisikia. Je, aliiona?

Alhamisi asubuhi msichana wa ofisini alimletea jalada la mwaka ule. Picha ya ufunguzi ilikuwa ukurasa wa mbele, kubwa, nzuri, imepigwa kutoka juu. Wanabendi walikuwa wanane, na wote wamesimama. Karani alichukua kioo cha kukuzia akaihesabu miguu yao. Ilikuwa kumi na sita, yote imekanyaga chini, yote ina viatu. Mpiga tarumbeta alikuwa wa tatu kutoka kushoto, na mguu mmoja ameutanguliza mbele kwa madaha.

"Umepata, mama?" akauliza msichana.

"Nimepata."

"Hongera."

"Ahsante," akasema Karani, akafunga jalada.

Shahidi wa pili alimpata nyuma ya karakana ya samani, mzee aliyekuwa akipiga ngoma kubwa ya bendi ile, sasa amekaa kwenye kiti ambacho mwanawe alishindwa kukiuza. Sikio moja halikusikia kabisa, lile la upande wa ngoma. Karani akaliinamia lililobaki, akauliza.

"Tukae?" Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Viti angetuletea nani? Walisahau hata maji ya kunywa! Tulisimama juani kutoka saa mbili mpaka saa saba. Mimi miguu ilinivimba siku tatu."

"Na mpiga tarumbeta? Hakuwa amevunjika mguu?"

"Yule? Yule jioni ile alikwenda kucheza mpira. Nani anakudanganya, binti yangu?"

Karani akashukuru, akaandika. Alikuwa na miaka hamsini na minane na hakuna aliyemwita binti siku nyingi, ila hata hilo lilipita tu.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Njiani kitu kilianza kumkera, kidogo, kama kokoto ndani ya kiatu, na alipofika kona ya duka la vioo akatambua kwamba ni hasira. Jambo moja maishani mwake lisingehitaji mashahidi, nalo ni lile. Kumbe ile plasta hakuwahi kuiona. Alichoweka kichwani kwa miaka thelathini na tisa kama mali yake kilitungwa na mtu mwingine, naye akakitilia sahihi. Na kama bendi ni uongo, je, Mwalimu alikuwepo kweli? Alimwona kweli? Alilificha hilo kwenye kitabu, mahali pekee ambapo yeye asingepekua. Labda alitaka agundue. Labda alichoka tu kubuni, akachukua uongo uliokuwa karibu. Wa kujibu hilo ni Mwalimu mwenyewe, na Mwalimu hayupo.

Wifi alikuwa kwenye cherehani anashona kola. Karani alisimama mlangoni, kadi mkononi, viatu bado miguuni.

"Wifi. Siku ya kufunguliwa daraja, kaka yako alikuwa wapi?"

Cherehani ikasimama. Wifi akakata uzi.

"Umemkamata," akasema.

"Alikuwa wapi?"

"Ndani. Kitandani. Alikuwa na matumbwitumbwi, mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, mashavu yamevimba hivi. Hakutaka mtu amwone. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea uji, anaunywa kwa mrija." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Aliniapisha, wifi. Siku ya harusi yenu alipoanza kuisimulia nilimkanyaga mguu chini ya meza, akaninong'oneza ninyamaze. Nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo, na unajua mimi kunyamaza kunaniumiza tumbo."

"Kwa hiyo hakuniona."

"Mimi ndiye niliyekuona."

Karani akakaa kwenye kiti cha karibu, juu ya sare zilizokuwa hazijapigwa pasi.

"Mimi nilikwenda darajani," akasema Wifi. "Nikakuona unamkaba yule baba wa suti kwa ajili ya tarehe. Nilicheka mimi! Nikarudi nyumbani nimchekeshe mgonjwa, nikamwambia leo nimeona msichana anagombana na kibao. Basi nimejitafutia balaa. Tarehe gani ilikuwa kwenye kibao? Na ya kweli ni ipi? Huyo msichana alijuaje? Afisa akajibu nini? Yeye akasema nini tena? Ni mrefu? Sauti yake ikoje, ya juu au ya chini? Alipomaliza alicheka au alikasirika? Akaelekea wapi, upande wa soko au upande wa ofisi? Na mdomo wenyewe haufunguki, anauliza kwa meno! Siku tatu, wifi. Siku tatu nalishwa maswali na mtu asiyeweza kula. Mpaka nikamwambia, wewe, mimi si gazeti. Pona, nenda ukamwulize mwenyewe."

"Akaja," akasema Karani.

"Akaja hajapona. Uvimbe upande mmoja bado. Nikamfunga shali yangu."

Shali ya kijani. Karani aliiona mara moja, na safari hii hakuna aliyekuwa amemsimulia. Asubuhi ya joto kali, kaunta ya chumba cha chini, na mwanamume amejifunga shali ya kike mpaka masikioni, jasho linamtiririka. Yeye akafikiri, huyu naye na maringo yake. Mwanamume akaegemea kaunta, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Samahani dada, nina swali."

Lilianza kama kicheko. Wifi mwenyewe alidhani ni kicheko, akatabasamu tayari kucheka naye. Kisha mabega ya Karani yakaanza kutikisika vibaya, kadi ikamponyoka, na sauti iliyomtoka ilikuwa nene, ya chini, sauti ambayo mtaa ule haukuwahi kuisikia. Alimwita Mwalimu kwa jina lake la utotoni. Alimwita mwongo. Akamwita tena kwa jina. Wifi akaja akapiga magoti mbele yake, akamshika magoti yote mawili, na kwa mara ya kwanza katika miezi minne yeye hakulia, maana mikono yake ilikuwa na kazi.

Simu ikaita. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena. Wifi akanyoosha mkono mmoja akaichukua juu ya meza, katikati ya makadi.

"Naam. Ndiyo, kwake hapa." Akaokota kadi sakafuni, akaisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani hakuwa nayo. "Ya themanini na nane. Nasema themanini na nane. Itoe. Hapana baba, hawezi kuja kwenye simu sasa hivi. Analia." Akasikiliza. "Hakuna kilichotokea. Mumewe amekufa."